SARAFU ZA KALE: USIUZE KWA BEI YA CHUMA CHAKAVU, NA USINUNUE KWA BEI YA HADITHI

Wiki hii inboksi yetu imejaa picha za sarafu. Mmoja kazikuta kwenye kopo la marehemu babu. Mwingine kalima shamba, jembe likagonga kitu. Mwingine kaazima ile mashine ya kutambua metali wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu, kapitisha uani, ikalia. Swali ni lile lile: "Admin, hii ni shilingi ngapi?"

Leo tunajibu kwa urefu. Save hii post maana utaihitaji.

Kwanza niwape kisa changu, ili mjue siongei kutoka hewani.

Mwaka 2018 mzee mmoja mkoani Tanga aliniuzia kopo la sarafu kwa shilingi 350,000. Ulikuwa mtaji wangu wote wa mwezi ule. Nilikuwa nimesikia mtaani kwamba "hela ya Mjerumani" moja ni milioni. Nyumbani nikahesabu: heller 58, sarafu za heller 10 zenye tundu 11, senti 10 za Mwingereza zenye tundu 19, shilingi za simba 3, rupia moja ya 1890 na riale moja ya Maria Theresa. Jumla vipande 93. Nikaona tayari nina kiwanja.

Iliniuma miezi saba kuzimaliza. Heller zote 58 zilinipa 165,000. Za tundu za Mjerumani 55,000. Senti 10 zote kwa fungu 10,000. Shilingi tatu 12,000. Riale 50,000. Na rupia 60,000. Jumla 352,000. Toa bando, toa posta, toa nauli: hasara.

Na kinachoniuma zaidi ni ile rupia. Kuna mteja alishanipa 110,000 kwa picha ya kwanza. Mimi nikajiona mjanja, nikaisugua kwa limau na majivu ing'ae ili nimpandishie. Nilipomtumia picha mpya akaniandikia: "Umeiharibu." Akashuka hadi 60,000. Dakika kumi za kusugua, elfu hamsini imeondoka. Na hiyo elfu hamsini ndo ilikuwa faida yangu yote.

Haya, twende kazi ili yasikukute.

1. KABLA YA BEI: JE, UNARUHUSIWA KUIUZA?

Watu wengi wanaangalia video za Uingereza, wanaona mtu anapita shambani na mashine, anaokota dhahabu, anapewa fungu nono. Kule wana sheria yao ya hazina ya mwaka 1996. Aliyeokota anatoa taarifa, makumbusho wakiitaka analipwa. Huku kwetu utaratibu ni mwingine kabisa.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa ni mabaki ya kale. Kuchimba kuvitafuta kunahitaji kibali, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukikutana nacho, toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Zanzibar wana mamlaka yao, kaulize huko huko.

Kenya wana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwao mstari ni 1895: kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo ni cha kale. Kwa hiyo ndugu zetu wa Mombasa, hata ile pice ya shaba yenye mizani ya mwaka 1888 imo ndani. Ongea na Makumbusho ya Taifa kabla hujaifungia bahasha ya kwenda Ulaya.

Kwa lugha rahisi: sarafu za shaba za masultani wa Kilwa si bidhaa ya kuposti. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Usipeleke mashine pale, na usimnunulie anayekuja nazo mfukoni usiku.

Halafu elewa hili kibiashara pia. Mwaka 2013 kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, watafiti walipata sarafu moja ya Kichina yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424. Habari ilizunguka dunia. Sarafu za Yongle ni nyingi tu sokoni. Uzito wa hii ulitokana na kujulikana ilitoka ardhi gani. Ukiing'oa kitu cha namna hiyo kimya kimya, unabaki na kipande cha shaba na kesi.

Na kuhusu "mali ya Mjerumani": msichimbe kwenye maboma ya zamani wala makaburi. Mashine inalia kwa sarafu na inalia vile vile kwa risasi na bomu la vita. Ikilia kwa kitu kikubwa, simama hapo hapo, ita polisi.

Kilichobaki kwako kukifanyia biashara ni sarafu za zama za karibu: zilizo kwenye makopo, masanduku, mikufu ya bibi, kwa masonara. Na hizo ni nyingi. Ila hata hizo, kabla ya kutuma nje ya nchi, uliza kwanza.

2. IJUE SARAFU YAKO

Neno "hela" lenyewe linatokana na heller ya Mjerumani. Neno "pesa" limetoka kwenye paisa ya India. Tunazitaja kila siku bila kujua, sasa tuzitambue.

Pesa ya 1890 hadi 1892. Shaba, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, upande mmoja maandishi ya Kiarabu. Zipo nyingi.

Rupia ya Mjerumani. Fedha, kichwa cha Kaisari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66. Kuna robo, nusu, moja na mbili. Ile ya rupia 2 ya 1893 na 1894 ilitoka kidogo sana. Ukiipata nzima, usiiuze siku hiyo hiyo hata ukibembelezwa.

Heller. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilibadili hesabu, rupia moja ikawa heller 100. Heller 1 ilitengenezwa kuanzia 1904 hadi 1913, kwa mamilioni. Ndo hizi zilizojaa makopo. Sokoni nje zilizochakaa ni dola moja, mbili, tatu. Si milioni. Heller 5 kubwa ya shaba ya 1908 na 1909 inapendwa zaidi.

Za Tabora, 1916. Vita vimekaza, meli hazifiki, Wajerumani wakatengeneza sarafu wenyewe Tabora. Utaona herufi T. (Herufi A ni Berlin, J ni Hamburg.) Heller 20 za T zipo za shaba njano na shaba nyekundu, na hazijakamilika vizuri, zimepinda maandishi. Hiyo ni kawaida yake, usifikiri ni feki. Na kuna rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Halisi inauzwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo hiyo, feki zake zimejaa. Ukiletewa ya bei poa, jua ni feki.

Pysa ya Zanzibar yenye mizani. Shaba, ya Sultan Barghash. Imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Hapa watu wanapigana kweli: "Admin nina sarafu ya mwaka 1299, ina miaka mia saba!" Hapana mtu wangu. Ni 1299 ya Hijria, sawa na 1882 hivi. Pysa hizi ni nyingi na bei yake ni ndogo. Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka huo huo, hiyo ni adimu kwelikweli.

Riale ya Maria Theresa, 1780. Mtego mwingine wa tarehe. Malkia huyu wa Austria alifariki 1780, lakini sarafu yake iliendelea kutengenezwa Vienna na miji mingine karne ya 19 na ya 20, zote zikiandikwa 1780 ile ile, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Ethiopia na pwani yetu hawakutaka nyingine. Gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000. Nyingi thamani yake ni fedha iliyomo na nyongeza kidogo.

Za Mwingereza. Shilingi ya simba na milima ilianza 1921. Hadi 1946 ina fedha robo tu. Kabla yake kulikuwa na florin ya 1920 iliyodumu muda mfupi sana kisha ikaondolewa, kwa hiyo ni chache, iangalie vizuri. Senti 10 zenye tundu na pembe za ndovu ni nyingi mno. Ila kuna moja ina hadithi nzuri ya kuuzia: senti 5 na 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Ni sarafu chache tu duniani zilizoingia mkononi mwa watu zikiwa na jina lake. Si ghali, dola chache, lakini inauzika haraka.

3. MAMBO MANNE YANAYOLETA BEI

Umri haupo kwenye orodha hii. Sarafu ya zamani sana inaweza kuwa ya bei ya chai, na ya juzi ikawa ghali.

(a) Ngapi zilitengenezwa, ngapi zimebaki. Heller mamilioni, rupia 2 chache. Hapo tu umeshapata nusu ya jibu.

(b) Hali yake. Angalia sehemu zilizoinuka, maana ndo zinachakaa kwanza. Kwenye rupia angalia tai aliye juu ya kofia na masharubu ya Kaisari. Kwenye shilingi angalia manyoya ya shingo ya simba. Yakionekana unywele kwa unywele, umeshika kitu. Wateja wa nje watakuandikia VF (imetumika lakini nzuri), XF (imetumika kidogo sana), UNC (haijatumika). Kati ya daraja moja na lingine bei inaweza kuruka mara mbili, mara tatu.

(c) Nani anaitaka. Za Mjerumani zina wakusanyaji wengi Ujerumani. Za Sultani zina watu wao Oman na Ghuba. Uliza soko liko wapi kabla ya kulalamika Kariakoo hawanunui.

(d) Metali. Huu ni msingi wa chini ambao hushuki. Rupia moja: 11.66 mara 0.917 ni gramu 10.69 za fedha safi. Riale: 28.07 mara 0.833 ni gramu 23.38. Shilingi ya 1921 hadi 1946: gramu 7.78 mara 0.25, haifiki hata gramu 2. Zidisha na bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo. Mtu akikupa chini ya hapo, anakuonea.

4. PIMA KABLA HUJALIPA

Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi 0.01. Ni elfu kadhaa, itakuokoa laki kadhaa.

Sumaku kwanza. Sarafu ya fedha, dhahabu au shaba hainatani na sumaku. Ikinata, mrudishie mwenyewe.

Uzito wa pili. Rupia iliyochakaa inaweza kupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 au 13, weka chini.

Tatu, kipimo cha maji, kinafanyika jikoni. Weka glasi ya maji juu ya mizani, isomeshe sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halisi: 11.66 gawa kwa 1.13, jibu ni 10.3. Hiyo ni fedha. Ukipata 1.31, jibu ni 8.9, hiyo ni shaba au nikeli iliyopakwa. Nimekataa mizigo miwili kwa glasi ya maji tu.

Na lile la rupia "inayovuta mchele" au "yenye zebaki ndani": ni utapeli mtupu. Hakuna sarafu ya hivyo. Mtu anayekwambia kuna tajiri anaitafuta kwa mabilioni, halafu anataka wewe utoe hela ya "kuipima", wewe ndo unawindwa.

5. USIISUGUE

Limau, ukwaju, majivu, mchanga, sabuni ya unga, steelwool, dawa ya kung'arishia shaba: vyote hapana. Ule utando mweusi au wa kahawia ndo cheti cha uzee wake. Ukiutoa haurudi. Udongo mlaini loweka kwenye maji safi, kausha kwa kitambaa kwa kugandamiza bila kufuta. Basi. Hifadhi kila moja kwenye karatasi au kimfuko chake, zisigongane. Ishike ukingoni.

6. TAFUTA BEI HALISI

Ingia Numista, ni bure. Tafuta nchi, mwaka, thamani, linganisha picha. Andika pembeni herufi ya kiwanda na uzito.

Kisha nenda eBay, chagua kuonyeshwa zilizokwisha KUUZWA. Hapa ndo wengi wanapotea. Mtu yeyote anaweza kuandika heller yake dola 5,000, haimgharimu kitu. Bei ni ile ambayo mtu alitoa hela. Chukua mauzo kama kumi ya sarafu yenye hali kama yako, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia katikati. Ukiuza hapa nyumbani tarajia pungufu ya hapo, maana aliyeuza nje kalipa posta na makato.

Kwa kipande kizito kweli (rupia 2, florin, riale ya Barghash, dhahabu ya Tabora) kuna kampuni kama NGC na PCGS zinazokagua na kuifunga sarafu kwenye plastiki yenye daraja lake. Ni gharama, usipeleke heller huko.

7. KUPOSTI NA KUUZA

Picha: mwanga wa dirishani, hakuna flashi, hakuna filta. Mbele, nyuma, ukingo, na moja ikiwa juu ya mizani inayosoma. Picha ya mizani peke yake imenifungia wateja wengi kuliko maneno yote.

Maelezo, mfano huu nakili tu:

"Rupia 1, Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1904, herufi A. Gramu 11.62. Imetumika, masharubu yanaonekana, kuna mkwaruzo mdogo upande wa nyuma saa tatu. Haijasafishwa. Imetoka kwenye sanduku la familia. Bei ... Kutazama kabla ya kulipa inaruhusiwa."

Taja kasoro mwenyewe. Mkusanyaji anaheshimu muuzaji anayetaja mkwaruzo, na atarudi. Kama uliisafisha, sema. Kama hujui ni halisi, andika hujui na weka bei ya hujui.

Za kawaida usiuze mojamoja. Panga heller za kila mwaka kutoka 1904 hadi 1913 kwenye karatasi moja, uza kama seti. Mimi nilichelewa kulijua hili. Heller ya mwisho mwisho ndo nilianza kupanga, na seti moja ilinilipa kuliko rundo.

Malipo: meseji ya muamala si pesa, angalia salio. Mzigo wa thamani uende kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na piga picha ya kufunga.

8. UKIWA MNUNUZI, NUNUA KWA HAKI

Hili nalisema kwa moyo. Bibi akikuletea kopo na ndani umeona rupia 2, usimpe elfu kumi huku unachekea pembeni. Mwambie ni nini, mpe bei inayokuachia faida na yeye inamsaidia. Soko la sarafu ni dogo, watu wanajuana. Yule mzee wa Tanga aliniuzia kopo kwa bei ya juu bila kujua, nikapata hasara, yakaisha. Lakini mwaka jana alinipigia ana jirani yake ana riale sita. Alinikumbuka kwa sababu sikurudi kumsumbua anirudishie hela. Zile riale ndo zilirudisha kile nilichopoteza, na zaidi.

KWA KIFUPI, KABLA YA KUUZA JIULIZE:
– Ni ya kabla ya 1863 (Kenya 1895)? Simama, uliza wahusika.
– Mwaka ni wa Hijria au wa kawaida?
– Herufi gani, uzito gani, sumaku inasemaje, maji yanasemaje?
– Fedha iliyomo ni ya shilingi ngapi leo?
– Zilizouzwa, si zilizotangazwa, zimeenda kwa ngapi?
– Nimeiacha bila kuisugua?

Una sarafu na hujui ni ipi? Weka picha mbele na nyuma pamoja na uzito kwenye komenti, tutasaidiana. Bila uzito hatujibu, tumechoka kukisia. Na usiandike mahali ulipo wala namba yako ya simu hadharani, matapeli wako humu humu wanasoma.

Mtumie mwenzako mwenye kopo la babu kabla hajalishika limau. Biashara njema.